Pumzi ya Florent

Mwaka 1954, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la Kamina lilikuwa limetanda hadi juu ya viti vya kanisa. Alhamisi moja, mlangoni pa karakana ya reli, Florent Kyabu, mpiga tarumbeta wa kwanza wa bendi ya jazi ya wafanyakazi, alikuwa akiisugua tarumbeta yake kwa majivu. Sauti moja ya Florent ilidumu tangu treni ya Bukama ilipoondoka kituoni hadi ilipotoweka machoni. Philémon Kabamba, mpiga tarumbeta wa pili, aliisikia kila siku, na kila siku chakula kilimshinda.

Jumamosi alitarajiwa mgeni kutoka Élisabethville mwenye mashine ya kurekodi santuri. Angemrekodi mpiga tarumbeta mmoja tu.

— Yaya Florent, uniazime pumuzi yako, alisema Philémon, akimwita kaka mkubwa kwa heshima. Leo tuko na karamu ya ubatizo kwa dada yangu.

— Utairudisha siku gani?

— Makelela.

Katika lugha ya Kasaï, alikozaliwa Philémon, neno hilo lina maana ya kesho. Lina maana ya jana vilevile. Florent, mzaliwa wa Kamina, aliijua maana ya kwanza tu. Pumzi ya ubatizo hainyimwi mtu. Aliipuliza yote ndani ya tarumbeta ya Philémon, naye Philémon akaivuta kwa upande wa pili.

Ijumaa Florent alikwenda kuidai. Kwa kuwa hakuweza kusema, aliandika kwa chaki ubavuni mwa behewa: Leo njo makelela, yaani leo ndiyo ile kesho.

— Makelela? Ile ilishapita, yaya, alijibu Philémon. Ungekuya makelela.

Jumamosi Philémon alirekodiwa, na jina lake likachapwa juu ya santuri.

Florent aliendelea na kazi bila pumzi. Kioo hakikupata ukungu mbele ya uso wake. Katekista alimwondoa katika kwaya, akampa kazi ya kukusanya sadaka. Mkewe, Clémentine, alisema kwamba angalau hakoromi tena.

Philémon alialikwa kila mahali. Huko Kabongo, wanawake walipiga vigelegele.

— Wee! Huyu anapuliza sawa Florent wa Kamina!

Huko Jadotville walisema hivyo hivyo. Kadiri alivyopiga vizuri, ndivyo alivyozidi kusifiwa Florent. Philémon alianza kukionea wivu kifua chake mwenyewe. Alikifunga kwa mkanda, akakipiga ngumi. Hatimaye mkewe, Suzanne, alimwambia wakila bukari, ugali wa huko:

— Siku hizi unapumua muzuri, baba. Hata kulala nalala sasa.

Philémon aliuacha mkono wake ndani ya sahani.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alichukua tarumbeta yake, akaenda nyumbani kwa Florent kuirudisha pumzi. Katika baa iliyokuwa ng'ambo ya barabara, santuri ilikuwa ikilia, na watu walikuwa wakimtaja mpigaji kwa jina lililochapwa.

— Na jina? aliuliza Clémentine. Jina, utalirudisha?

— Jina miye sikuazima, mama. Ile ni yangu.

Clémentine alimsogezea kiti. Philémon aliketi, akauweka mdomo wa tarumbeta kati ya midomo ya Florent, akaipuliza pumzi yote kwa upande wa pili, polepole, mpaka ikaisha. Akabaki na yake, fupi.