Waya wa Mama Mkwe

Redio ya kikundi chetu cha kisomo hapa Kerende ilipasuka spika, na Tarime nzima spika hakuna. Nikazunguka kwa watu kuomba vile vidude vya kusikilizia sikioni vinavyokuja na redio. Nikapata vitano, nikaviunga vyote kwenye redio ile kwa vipande vya waya. Waya zilikuwa fupi, kwa hiyo tulisikiliza vichwa vimegusana.

Siku ya kipindi cha kuhara kwa watoto, mama mkwe wangu akaja. Mtoto wetu wa kwanza, mimi na binti yake, tulimzika kwa kuhara, na huyu wa pili yeye ndiye anamlea. Mzee Nyangwine, kiongozi wa kikundi, akamzuia mlangoni.

"Mama, rudi nyumbani. Utakaaje kichwa kwa kichwa na mkweo?"

Kweli, kwetu Wakurya ni mwiko. Lakini kwa nini arudi yeye?

"Basi natoka mimi," nikasema.

"Wewe ndiye fundi. Kaa."

"Mzee, wewe unanyonyesha?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. "Kipindi cha watoto, tumejaa madume hapa, mlezi tunamfukuza!"

Nikachomoa kisu, nikakata waya wangu na wa Mzee. Nikaunga ukawa mmoja mrefu wenye kidude mwishoni, nikaupitisha dirishani mpaka kibarazani alipokaa mama.

"Kijana, nitasikiliza nini sasa?"

"Kamuulize mama, Mzee. Kwako si mkwe."

Nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Sikusikia hata neno moja la kipindi, na hasira haikuisha.