Bundi Aliyefukiwa na Majani

Katika karakana ya makumbusho walifanya kazi wanawake wawili, wifi na wifi. Mama Pacha, aliyeolewa na kaka wa mwenzake, alitengeneza misitu: miti ya waya na plasta, majani ya kitambaa. Dada mtu alitengeneza ndege, ndiyo maana kila mtu alimwita Manyoya.

Mwaka ule waliagizwa kutengeneza bundi wa misitu ya mlimani, yule mdogo anayetoka usiku tu. Manyoya alimpachika unyoya mmoja mmoja. Akatokea ndege wa kimo cha kiganja, rangi ya kutu, madoa meupe kifuani, kichwa cha mviringo, miguu iliyovikwa manyoya mpaka kwenye kucha kwa sababu ya baridi ya huko juu. Macho ya kioo, manjano iliyoiva. Watu wa ofisini waliacha chai yao wakaja kumtazama.

Jioni, mezani, mume wa Mama Pacha, aliyepitia karakanani, alikuwa bado anasifia.

“Dada ana mkono, bwana! Ukimtazama yule ndege, naye anakutazama.”

“Na msitu wangu?” Mama Pacha aliuliza.

“Msitu? Eeh, upo.” Akaomba chumvi.

Hiyo “upo” ilimkaa kooni usiku kucha.

Kesho yake Manyoya alimpeleka mama yake kliniki. Mama Pacha akafungua peke yake kabati la kioo walimomweka bundi ndani ya msitu. Msitu wa mlimani una unyevu, alijiambia. Kila tawi huota mimea kama ndevu. Akachambua katani, akaichovya kwenye rangi ya kijivu, akaitundika matawini. Akabandika kuvu shinani. Akashusha kangaga moja, jani refu lenye meno kama kitana, mbele ya kifua cha bundi, nyingine mbele ya uso. Mikono ilikuwa myepesi kuliko siku zote. Alipomaliza, bundi alikuwa amezama kwenye gome kana kwamba hakuwahi kutengenezwa. Moyo wake ukatulia, kisha ukaona haya, lakini hakuondoa hata jani.

Siku iliyofuata ilikuwa ya ufunguzi, na mkuu wa makumbusho alisimama mbele ya kabati.

“Bundi yuko wapi?”

Wageni wakasogea, wakabandika pua kwenye kioo, wakainama, wakabishana.

“Yule pale!” mama mmoja akapiga kelele, na watu wakamshangilia kama aliyefunga bao. Foleni ikafika mlangoni.

“Hongera, mama,” mkuu alimwambia Mama Pacha. “Huko mlimani ndivyo alivyo. Nimepita chini yake mara nyingi nisimwone.”

Manyoya hakupiga makofi. Alimvuta wifi yake nyuma ya pazia.

“Wifi, umenifukia.”

“Msitu wa mlimani ndivyo…”

“Usiniletee mlima hapa. Ulikuwa unamfikiria ndege?”

Mama Pacha alitazama vidole vyake, bado vina gundi. “Nilikuwa nakufikiria wewe.”

“Afadhali umesema.” Manyoya akawachungulia wageni kando ya pazia. “Na leo wanakusifu wewe. Kumbe inauma hivi.”

“Inauma sana.”

Wageni walipoondoka, Manyoya alimpa mkasi.

“Uso tu. Kwingine acha.”

Mama Pacha akakata kangaga ya mbele ya uso, na macho yakatokeza kwenye majani. Mlinzi aliyekuja kufunga milango akasimama ghafla.

“Lo! Macho gani haya? Nani kayatengeneza?”

Mama Pacha akamwonyesha wifi yake. Bado ilimuuma, ila alimwonyesha.