Kusoma Ndege

Katika bweni alilolisimamia, Justus Kashindye aliweza kusamehe shuka lililokunjamana kuliko neno lililokunjamana. Alikuwa kiranja katika shule moja ya bweni mjini Tabora, miaka michache baada ya vita vya Hitla, na wadogo walimwogopa kwa mambo mawili: hakusema uongo hata wa kuwaokoa wenzake, na hakumwachia mtu amalize sentensi yenye kosa. Miongoni mwa maneno aliyoyapiga marufuku, lililomkera zaidi lilikuwa "eropleni".

"Tunalo neno letu," alizoea kusema. "Ndege. Anayetaka la kuazima akalale bweni jingine."

Hakulisema hilo kwa mzaha, maana ndege ndizo zilizokuwa maisha yake. Kila Jumamosi, wenzake walipokwenda kutembea mjini, yeye aliketi nyuma ya karakana ya useremala akichonga mabawa ya mti mwepesi, kisha akapanda nayo kilimani kuyajaribu kwenye upepo. Lililoanguka alilipima upya, akachonga jingine. Mwalimu wake wa hesabu, Bwana Sylvester Masolwa, alimwazima vitabu vyake mwenyewe na kumsahihishia kazi ambazo hazikuwa za darasa lolote. Hatimaye Bwana Masolwa akamletea habari: ilikuwapo nafasi moja ya kwenda Uingereza kusomea uhandisi wa ndege, na mkuu wa shule alikuwa tayari kumpendekeza Justus. Sharti lilikuwa moja tu. Baba yake mzazi afike shuleni kabla ya mwisho wa juma, atamke kwa kinywa chake kwamba ameridhia.

Baba aliishi Usoke, kwenye njia ya reli ya kwenda Kigoma. Justus akamtafuta Alois Ngollo, kijana wa kwao aliyefanya kazi kwenye treni za njia hiyo.

"Kwa hiyo nimwambie mzee unakwenda kusomea maeropleni," Alois alisema.

"Usiseme hivyo. Sema, Justus anataka kwenda kusoma ndege."

"Mzee ataelewa eropleni upesi zaidi."

"Nimekwambia, ndege. Kusoma ndege."

Alois akacheka. "Haya, bwana mkubwa. Mke utakayemwoa atakuwa bubu mwaka mzima."

Kulikuwa na jambo ambalo Justus hakulijua, kwa kuwa nyumbani kwao halikutajwa. Alimjua marehemu babu yake kama mpagazi wa misafara ya zamani, basi. Lakini babu huyo hakubeba mzigo hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kutangulia alfajiri, kusikiliza milio ya ndege porini, na kuamua kama msafara uondoke au ulale. Yoramu, mwanawe na baba yake Justus, alipoomba ubatizo kwa Wamoraviani, wazee walimweka nje miaka mingi kwa ajili ya sifa hiyo ya baba yake. Sasa yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, na bado walikuwako watu Usoke waliomwita, akishapita, mtoto wa msoma ndege.

Yoramu Kashindye alishuka kwenye treni akiwa amevaa koti lake la kanisani. Justus alimpokea begi lake barazani, akamwingiza bwenini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Funga sanduku lako. Tunarudi na treni ya jioni."

Justus alisimama wima kama yuko kwenye gwaride. Alihisi nafasi ile ikimtoka mikononi, wala hakujua sababu. "Nimekosa nini, baba?"

"Funga sanduku."

"Ni habari ya ndege?"

"Na unaitamka, macho makavu."

"Sioni la kuonea haya. Wazungu wanazisoma. Kwa nini sisi tubaki chini tukizitazama?"

"Wazungu na wafanye yao. Katika nyumba yangu jambo hili lilikwisha. Babu yako alisoma ndege mpaka anakufa, na mimi nikalipa."

Justus nusura acheke. "Babu? Babu alikufa kabla hata ndege moja haijafika Unyamwezi."

"Utanisimulia wewe? Mimi ndiye niliyembebea kibuyu chake. Mizigo iko chini, wapagazi kimya, yeye kasimama njiani ametega sikio. Ndege walipolia kushoto, tulilala palepale. Walipolia kulia, ngoma ikapigwa."

Justus alilirudia neno moja kichwani. Walipolia. Sikio lililozoea kuwinda makosa ya wengine lilikuwa limenasa kitu ambacho hakikuwa kosa. Kwa ndege za chuma mtu angesema zilipolia. Walipolia husemwa kwa viumbe. Muda wote yeye alikuwa akisema zile, baba yake akisema wale.

Akakaa juu ya sanduku lake, jambo ambalo hakumruhusu mwanafunzi yeyote kulifanya.

"Baba, unadhani ninakwenda kujifunza ramli?"

"Basi kusoma ndege ni nini? Kuhesabu manyoya?"

"Eropleni," alisema Justus. Neno lilimtoka likiwa zima, na hakuna aliyelisahihisha. "Ninakwenda kujifunza kuunda eropleni. Mabawa yake, injini zake."

"Eropleni. Hizi zinazotua hapa Tabora?"

"Hizo hizo."

Mzee aliketi naye, kwenye kona ya sanduku. "Alois nilimuuliza mara mbili. Akaapa kwamba ulimkataza kusema vingine. Kwa nini ulimkataza?"

"Si Kiswahili safi, baba."

 Mabega ya Yoramu yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akatoa leso. "Kiswahili safi! Mwanangu, tumekuombea kanisani mbele ya watu wote. Mchungaji ameweka mikono juu ya fulana yako."

"Fulana ipi?"

"Ile ya mpira. Mama yako ndiye aliyeipeleka."

Justus alijaribu kuushikilia uso wake wa ukiranja, ukamshinda. Walicheka pamoja, na mvulana aliyekuwa akipita na ndoo alisimama kuhakikisha kama kweli ni yeye.

Baba akataka kujua chuma kinashikwa na nini huko juu. Justus alichukua karatasi, akaishika chini ya mdomo wa chini na kupuliza kwa juu, nayo badala ya kuinama ikainuka. Mzee aliomba ajaribu. Alipuliza mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ofisini, mkuu wa shule aliuliza kwa Kiingereza na Bwana Masolwa akatafsiri: je, mzee Kashindye anaridhia mwanawe aende ng'ambo?

"Mwambie nimeridhia kwa moyo wote," alisema Yoramu. "Mwambie pia kijana huyu ni mkaidi, asiachwe kutuma ujumbe peke yake."

Bwana Masolwa alitafsiri sehemu ya kwanza tu. Mkuu akampa mzee mkono, kisha akampa Justus, na jambo likawa limekwisha.

Njiani kwenda stesheni Justus aligundua kwamba ana njaa kali. Tangu Alois aondoke hakuwa ameonja chakula vizuri. Walinunua matobolwa kwa mama mmoja karibu na soko, wakayatafuna wakitembea, viazi vile vikavu vikiwasumbua meno, na kiranja aliyekataza kula barabarani hakujali nani anamwona. Miguu ilikuwa myepesi. Begi la baba, ambalo mchana aliliona zito kama jiwe, sasa alilirusha toka bega moja hadi jingine.

Treni ilipopiga honi, mzee alichungulia dirishani.

"Mama yako amekwisha kutandika kitanda chako. Alijua nakuja nawe leo. Nimwambieje?"

"Mwambie asikitandue, baba. Nitakuja likizo kukilalia."

"Na habari yenyewe nimpe kwa neno lipi?"

"Lolote utakalopenda," alisema Justus.