Asante ya Darasa la Kwanza

Mikono ya fundi viatu ilizoea ngozi na sindano, si kumenya mayai. Lakini mke wake alikuwa na zamu za alfajiri kiwandani, na mtoto wa darasa la kwanza hasubiri mtu. Basi kila asubuhi alisimama jikoni akijaza kopo lenye vyumba vitatu: yai au maharage huku, kiazi kitamu kule, karoti na papai pembeni. Mpango huo alipewa na muuguzi wa kliniki, siku alipompima binti kwenye mizani na kukunja uso.

"Amepungua kilo nzima," alisema muuguzi. "Mlishe vizuri, umrudishe baada ya mwezi. Akipungua tena, itabidi aonwe na daktari bingwa."

Tangu hapo fundi hakuwa na raha. Kwa wiki tatu alipika kama anayelipwa, na kila alasiri kopo lilirudi tupu, halina hata ganda la harage. Ajabu ni kwamba Kifaranga, ndivyo walivyomwita binti nyumbani, alikuwa akivua viatu tu anaivamia sufuria. Mbavu zake bado zilihesabika. Fundi akawaza minyoo, kisha akawaza maradhi mengine ambayo hakuthubutu kuyatamka.

Uvumilivu ulipomwishia, alifunga kibanda chake saa sita mchana, akaenda shuleni, akamwomba mwalimu ruhusa ya kuchungulia dirishani.

Kifaranga alifungua kopo. Kabla hajagusa kitu, akawageukia wenzake.

"Karibuni chakula!"

Alilitamka vizuri mno, kama alivyofundishwa na bibi yake, mama mzazi wa fundi, ambaye kwake mtu anayekula bila kukaribisha hana tofauti na paka.

"Asante!" wakaitikia wenzake. Wakaja kweli! Mmoja akaondoka na yai, wawili wakagawana kiazi, papai likaenda na wenyewe. Kifaranga akawatabasamia kiungwana, akabaki na kipande cha karoti.

Fundi hakujua acheke au alie. Alifanya yote mawili, mpaka mwalimu akamletea kiti.

Jioni ile alimweka binti mapajani. "Mbona huwaambii wenzako kuwa na wewe una njaa?"

"Bibi alisema nikikaribisha mtu, atasema asante, halafu mimi nitakula," alijibu Kifaranga. "Na wao wanasema asante, Baba. Lakini wanakula wao."

"Na wewe unashindia karoti?"

"Njaa inaisha nikifika nyumbani. Uchoyo hauishi."

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, aliuweka ungo chini. Mwanamke huyu hakuwa na kawaida ya kukiri kosa, lakini machozi yalimlenga.

"Nimemtesa mtoto jamani," alisema. "Nimemfundisha kukaribisha, nikasahau kwamba anayekaribishwa naye hufundishwa. Njoo hapa, mjukuu wangu. Mtu akikuambia karibu, unasema: asante, nimeshiba."

"Hata kama sijashiba?"

"Hata kama tumbo linapiga ngoma."

"Huo si uongo, Bibi?"

Bibi akamtazama mwanawe ili amsaidie. Fundi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Kesho yake alirudi kwa mwalimu na kumsimulia. Mwalimu alicheka mpaka akafuta miwani, kisha akaandika ubaoni maneno mawili, "Asante, nimeshiba," na darasa zima likayaimba kwa siku tatu.

Siku ya kliniki ilipofika, fundi alimpitia Kifaranga shuleni. Mizani ilikuwa imepanda kwa nusu kilo. "Endelea hivyohivyo, Baba," alisema muuguzi, na fundi akatoka nje kwa furaha, akaketi kwenye benchi. Kwa hofu ya siku ile hakuwa ametia kitu kinywani tangu aamke.

Kifaranga akakaa ubavuni mwake, akafungua kopo. Safari hii lilikuwa na yai zima, maana kengele ya kutoka ilimkuta bado anakula. Akalikata katikati kwa vidole, akamnyooshea babake nusu.

"Baba, karibu."

Lile yai lilinukia. Tumbo la fundi likanguruma waziwazi.

"Asante, mwanangu," alisema. "Nimeshiba."

Kifaranga alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akala nusu zote mbili.