Upande wa Karema

Mwalimu Eustadia aliingia ofisini kwa Abbasi, wakala wa safari, pale Mtendeni, akiwa na ramani ya shule aliyoikunja kwapani, na furaha ikawa haimruhusu kukaa kitini. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamemzawadia safari ya meli ya kitalii, kutoka Kigoma hadi kusini kabisa mwa Ziwa Tanganyika, tena katika chumba chenye roshani yake mwenyewe. Mtu mzima wa miaka sitini na mmoja alikuwa hajalala vizuri wiki nzima, kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua upande. Vyumba vyenye nafasi vilikuwa viwili tu, kimoja kushoto na kimoja kulia, na hapo Eustadia hakutaka mchezo. Alizaliwa Karema, kando ya ziwa, ambako baba yake, Mnyamwezi wa Itetemia, alikuwa seremala. Yeye na dada yake Advera walikuwa wakienda kuteka maji wanatua ndoo na kuzipungia meli, na abiria hawakuwajali hata kidogo. Wakaapiana kwamba atakayepanda meli kwanza atampungia mwenzake. Sasa Advera ana miaka sabini, anaogopa maji, na macho yake yameanza kuingia ukungu. Meli haitasimama Karema. Itapita mara moja tu, saa moja asubuhi, na kurudi abiria watarudi kwa gari. Dada hao walikuwa wamekubaliana kwenye simu: Eustadia atatundika kitenge cha njano kwenye roshani yake, ili Advera amtambue kutoka ufukweni.

"Chukua kushoto," alisema Abbasi.

Tatizo ni kwamba Abbasi ni Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipotoka huku bara na pembe za ndovu kwenda pwani, na Abbasi aliushika utani kuliko alivyoishika kazi yake. Kwa miaka ishirini hakuwahi kumwambia Eustadia neno la kweli. Siku ya maziko ya mume wake aliingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Waombolezaji walicheka huku wanalia, na mjane akacheka kuliko wote.

"Kushoto ni Kongo," alisema Eustadia, akaikunjua ramani mezani. "Ziwa hili hapa, Tanzania hii hapa, kulia. Nimeifundisha miaka thelathini na mitano."

"Ramani inatazama kaskazini, mtani. Meli itatazama kusini. Hebu simama, geuka kusini, unyooshe mkono."

"Sigeuki. Mara ya mwisho uliponigeuza ulikula chapati yangu."

"Ilizidi chumvi."

"Andika kulia."

"Mwalimu, leo nasema kweli."

"Siku Mzaramo akisema kweli ngoma zenu zote zitapasuka. Andika kulia."

Abbasi akainamisha kichwa, akaandika, akamkabidhi tiketi ndani ya bahasha. Eustadia akatoka kwa madaha, ameshinda.

Kigoma, mhudumu alimfungulia chumba. Roshani ilikuwa na viti viwili, naye akavikalia vyote kwa zamu. Kisha akauliza, kwa kujihakikishia tu, "Huu ni upande wa kulia, siyo?"

"Kushoto, mama. Ndivyo tiketi inavyosema."

Alikimbia kuomba abadilishiwe, akaambiwa meli imejaa. Akampigia Abbasi, akamtukana yeye, minazi yao na ngoma zao. "Maisha yangu yote nimeingoja asubuhi moja tu," alisema, "na wewe umeifanyia utani."

"Lala, mtani," alijibu Abbasi, akakata simu.

Eustadia akavuta pazia ili asiione hiyo Kongo, akajilaza na nguo zake, akalia. Hata samaki aliyeletewa hakumgusa.

Asubuhi simu ndiyo iliyomwamsha. "Meli naiona," Advera alikuwa anapiga kelele, "lakini kitenge sijakiona. Umepanda kweli wewe?"

Eustadia akafungua pazia. Mbele yake palikuwa na paa la kanisa la Karema, mitumbwi mchangani, wajukuu wa Advera wamejipanga, na mbele yao bibi mmoja mwembamba, simu sikioni. Jua lilikuwa linatoka nyuma yao na kuimulika meli yote. Eustadia akakichomoa kitenge begini, akakipunga kwa mikono miwili, akarukaruka hadi viti vikaanguka.

"Nakuona," alisema Advera. "Nakuona, mjinga wewe, nakuona."

Walicheka na kulia mpaka rasi ilipoufunika ufukwe. Kisha Eustadia akakaa sakafuni na kupiga namba nyingine.

"Asante, Abbasi," alisema.

Tangu wajuane neno hilo halijawahi kupita kati yao.

"Eustadia," alisema Abbasi kwa sauti ya chini. "Unaumwa?"