Saa Isiyotaka Kuzungushwa

Tangu mzee avunjike mguu na kufungwa plasta, alikuwa haondoki kitini ila kwa lazima, na saa yake ya mkononi nayo ikawa haiendi ila kwa lazima. Ilikuwa saa ya kujijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, zawadi ya wenzake wa reli siku alipostaafu. Mkono ukitulia, saa husinzia.

Mkewe, fundi cherehani, angejisomea ile ya ukutani kule chumbani, lakini mtoto wa jicho alikuwa amemtanda macho yote mawili. Mishale aliiona kama moshi. Basi akawa anasomewa na mumewe kutoka ile ya mkononi, na wiki iliyopita alisomewa vibaya, akafika hospitali daktari wa macho ameshaondoka. Leo ndiyo nafasi ya pili, saa nane mchana. Akiikosa, mpaka mwakani.

Redio ikatangaza taarifa ya habari ya saa saba. Mzee akatazama mkono wake.

"Saa sita na dakika ishirini. Huyu mtangazaji leo kakurupuka."

Fundi akasimamisha cherehani. "Baba watoto, redio nzima ikosee, upatie wewe?"

"Saa hii miaka tisa haijanidanganya."

"Miaka tisa ulikuwa unatembea! Zungusha hicho kitufe cha pembeni."

"Haizungushwi hii. Inajijaza. Ukiilazimisha, springi inakatika."

"Fundi saa si alikwambia kwa simu mizunguko ishirini haina neno?"

"Yule? Yule alianzia kwenye kutengeneza pasi."

Akaanza kuutikisa mkono kama anayefukuza nzi asiyetaka kumuumiza. Mara tatu, akapumzika. Mara mbili, akapumzika tena.

Mkewe akamfuata, akamvua saa. Vidole vyake vilivyozoea kutunga uzi kwa kupapasa vikakipata kitufe. "Moja. Mbili. Tatu..." Mzee alifumba macho kama anadungwa sindano. Ishirini zikatimia, springi haikukatika. Akamrudishia.

"Haya, weka mishale. Saa saba na dakika kumi."

Mzee akaiweka, akaisikiliza sikioni, kisha akashtuka.

"Saa saba na kumi! Na bado umesimama hapo? Mke wangu, utachelewa wewe!"

Fundi akachukua mkoba na kadi ya hospitali, akatoka bila kuaga, akipapasa ukuta mpaka barabarani. Alifika mapema, akaketi mwanzo kabisa wa benchi, goti likigusa mlango wa daktari, asiweze kupitwa na mtu.