Neno Gumu la Kipeperushi

Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, alikuwa amelala chumbani kwangu, siku ya pili baada ya kutundikiwa dripu ya tatu ya dawa za saratani. Mimi ni mfasiri. Nilikaa mezani, mlango wazi ili nimsikie akiita, nikitafsiri kipeperushi cha hospitali kwa wagonjwa kama yeye. Sikumwambia. Niliona ana yake ya kutosha.

Nilikuwa nimekwama kwenye sentensi ya sita. Kiingereza kilimtaka mgonjwa ajiandae kwa "onslaught" ya kichefuchefu. Ni neno la vita hilo: jeshi linakuja kwa kishindo, kundi baada ya kundi, halikupi nafasi ya kujipanga. Siku hizi Waingereza wenyewe hulitumia hata kwa mvua, kwa maswali, kwa wageni wanaojaa nyumba. Niliandika "shambulio", nikafuta. Shambulio laweza kuwa moja tu, likaisha. Nikajaribu "mashambulizi mfululizo", nikayasoma kwa sauti bila kufikiri.

"Nani anashambuliwa?" dada akauliza kutoka kitandani.

"Hakuna. Kazi tu."

"Kazi gani hiyo unainong'onea tangu asubuhi? Ilete."

Tangu utotoni sijawahi kumdanganya nikafika mbali. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamsomea. Alisikiliza kafumba macho, kakumbatia beseni.

"Kwa hiyo ulikuwa unanificha ugonjwa wangu mwenyewe."

"Sikutaka kukutisha, dada."

"Ninayetapika ni mimi, anayeogopa ni wewe!" Akacheka kidogo, kisha akainamia beseni. Nikamshika paji la uso mpaka kichefuchefu kikapita.

Alipopata pumzi akasema, "Futa hayo mashambulizi. Mtu akisoma hivyo atadhani anatakiwa apigane, na akishindwa kuinuka atajiona mzembe. Mimi sipigani na mtu, mdogo wangu. Kinaniandama tu. Nikigeukia huku kipo, nikigeukia kule kipo."

Nikaandika: Kichefuchefu kinaweza kukuandama siku mbili tatu, bila kukupa nafasi ya kupumua.

"Ongeza kwamba kinapungua."

"Kwenye Kiingereza hakuna."

"Basi huyo Mwingereza hajawahi kuumwa."

Nikampigia muuguzi wa wodi yake. Akasema ni kweli, kwa wengi hupungua baada ya siku chache, ila asiyepata nafuu arudi hospitali. Nikampigia na msimamizi wangu wa kazi, mtu asiyeachana na kamusi. Huyo akakataa katakata.

"Mfasiri haongezi," akasema. "Unajua hilo kuliko mimi."

Nikamweleza aliyesema ni nani, na yuko wapi saa hii.

"Andika kama alivyosema," akasema. "Na ya muuguzi uweke. Hospitali nitaongea nao mwenyewe."

Nilipoweka simu chini, machozi yakanitoka, yale niliyoyabana tangu siku ya majibu ya vipimo. Nilijaribu kuyafuta kwa kiganja, yakanishinda. Dada alijisogeza ukutani polepole, akapigapiga godoro.

"Njoo hapa. Na usinipige mateke kama zamani."

Nikajilaza ubavuni mwake, jua la saa tisa likituangukia miguuni. Alinishika mkono, akapitiwa na usingizi kabla yangu.